Gazi, Msitu wa Bamvua

Anayekwenda Gazi aulize maji kwanza, saa baadaye. Kijiji hiki cha wavuvi katika kaunti ya Kwale, kilomita 50 hivi kusini mwa Mombasa, kimekaa ukingoni mwa ghuba ambayo maji yake hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila shughuli ya maana hapa hufuata mwendo huo: kuvua, kuvuka, kutafuta kaa, hata kumtembeza mgeni. Siku za maji mafu bahari haijongei sana. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, hupanda mpaka mizizi ya minazi ikaonja chumvi, kisha hurudi nyuma kiasi kwamba sehemu kubwa ya ghuba hubaki tope, nyasi za bahari na vidimbwi. Mimi nashauri bamvua. Fika maji yanapoanza kutoka, uone msitu ukifunuliwa kutoka juu kwenda chini: kwanza majani, halafu mashina, halafu ile mizizi iliyopindana ambayo msitu wa bara hauna.

Njia yenyewe ni rahisi. Vuka Likoni kwa feri, panda matatu ya Ukunda, kisha nyingine ya kuelekea Msambweni au Lunga Lunga, ushuke penye njia panda ya Gazi na umalizie kwa bodaboda. Wageni wengi huishia Diani, kwenye mchanga mweupe na mahoteli, nami siwalaumu. Ufuo ule ni mzuri kweli. Ila kati ya Diani na Gazi, upande wa baharini, iko Kaya Kinondo, mojawapo ya kaya za Wamijikenda zilizoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Wadigo wameulinda msitu huo kwa miiko, kwa makaburi ya wazee wao na kwa dua. Anayepita kayani kisha akaja Gazi ataiona misitu miwili jirani inayotunzwa na watu wa eneo moja kwa njia mbili: ule kwa kutoguswa, huu kwa kutumiwa. Mimi nimeufuata huu wa kutumiwa. Misitu mingi tuliyobakiwa nayo imo katikati ya watu wanaokula, wanaopika na wanaojenga kutokana nayo, na atakayetaka kuinusuru lazima aanzie hapo.

Gazi penyewe ni pazuri kwa namna ya utulivu. Nyumba nyingi ni za udongo uliojazwa kwenye kiunzi cha fito na boriti, paa za makuti zikichanganyika na mabati, na barabara za mchanga zenye vivuli vya minazi na miembe. Lipo pia jumba kuukuu linalohusishwa na Sheikh Mbaruk bin Rashid, Mmazrui wa Gazi, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896 hata akakimbilia upande wa Wajerumani, kusini mwa mpaka. Wapenda historia watapata la kuuliza. Lakini ukifuata harufu ya tope na chumvi utafika upesi mahali nyumba zinapoishia na mikoko inapoanza.

Humo ndani mna njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya tope, na njia hiyo iko mikononi mwa kikundi cha wanawake wa kijiji. Wao ndio wanaoitunza, ndio wanaopokea kiingilio, ndio wanaomtembeza mgeni, na sehemu ya mapato huenda kwenye mahitaji ya kijiji. Aliyenipokea mimi alikuwa mama wa makamo, leso moja kiunoni, nyingine begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Viatu vivue ukipenda. Tope hili halina neno."

Kila mti alioufikia aliupiga kwa kiganja, akautaja, akasema kazi yake. Mlilana, unaosimama mbele kabisa na kupokea mawimbi: mbao zake zilizopinda hutoka mataruma ya madau, na mizizi yake minene inayochomoza topeni ni myepesi, wavuvi huichonga maboya ya nyavu. Mkoko wenyewe, uliosimama juu ya magongo yake. Muia, ulionyooka, ambao fundi wa nyumba akiuona hupima kwa macho papo hapo. Mkandaa, ambao gome lake hutoa rangi nyekundu iliyotumika tangu zamani kutengenezea ngozi. Mkomafi, wenye tunda zito la mviringo linalojaza viganja viwili. Wakenya tuna aina tisa za miti hii katika pwani yetu yote, na zote tisa zinapatikana ndani ya ghuba hii moja yenye hekta 600 hivi za mikoko. Nilitembea nikihesabu, na mama alinisahihisha kwa upole nilipochanganya mkandaa na muia.

Penye mchu alinisimamisha. Akachuma jani, akaligeuza huku na huku kwenye mwanga. Palikuwa na chembechembe zinazometa. "Lamba," akasema. Nikalamba: chumvi tupu. Mchu hunywa maji ya bahari, ukatumia maji na kuitoa chumvi kupitia majani, asubuhi hadi jioni, mwaka mzima. Pengine ndiyo maana ndio mti pekee niliouona pande zote mbili za msitu, mrefu na wenye afya kule baharini, mfupi na uliokunjamana huku nyuma karibu na nchi kavu, mahali jua hukausha maji na chumvi huzidi hata miti mingine ikakata tamaa.

Na mkoko una ajabu yake. Mbegu yake huota ingali juu ya mti. Hurefuka ikining'inia, ya kijani, ncha imechongoka, mpaka siku inapokomaa na kujiachia. Maji yakiwa yamepwa, huweza kuchoma topeni wima pale pale chini ya mama yake na kuanza maisha. Maji yakiwa yamejaa, huelea na kwenda itakakopelekwa, kwa siku au kwa majuma, hadi ipate tope la kushika. Nilizishika kadhaa mkononi. Ni nzito kuliko zinavyoonekana, na upande wa ncha ni mgumu.

Chini yetu tope lilikuwa linatembea. Kaa wadogo, dume ana gando moja kubwa analolipunga, jike ana mawili madogo anayotumia kula bila kupumzika. Wengine wakubwa zaidi walikuwa wakiburuta majani makavu mashimoni. Kazi hiyo ina manufaa makubwa: mashimo yao hupitisha hewa na maji katika tope ambalo vinginevyo lingekosa hewa kabisa, na jani lililoingizwa shimoni halichukuliwi na maji kupelekwa bahari kuu, hubaki kuwa chakula cha msitu. Mdiria alipita karibu na vichwa vyetu. Mama hakumtazama; alikuwa akitafuta kwa macho kaa koko, yule mkubwa wa kuliwa, ambaye alisema siku hizi hupatikana tena.

Ule "tena" wake una habari nyuma yake.

Mikoko ya pwani yetu imekuwa biashara kwa karne nyingi. Majahazi yaliyokuja na pepo za kaskazi yalirudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti za Lamu na kusini zaidi, na nyumba nyingi za kale za Uarabuni na Ghuba zina dari zilizobebwa na mikoko ya Afrika Mashariki. Mbao zilihesabiwa kwa korija, ishirini ishirini, na kila unene ulikuwa na jina lake na bei yake: fito, pau, boriti, nguzo, banaa. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni iliitangaza mikoko yote kuwa msitu wa hifadhi ya serikali. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kuisafirisha nje. Amri hizo mbili zilisaidia kwa kiasi, lakini pigo la Gazi halikutoka kwenye majahazi. Katika miaka ya 1970 mikoko ya hapa ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za viwanda, vya chokaa na vya matofali. Mjenzi wa nyumba huchagua mti mmoja ulionyooka na kuacha mingine kumi. Tanuri halichagui. Linakula mnyoofu na uliopinda, mzee na mchanga, na penye kuni za karibu halitumi watu mbali.

Sehemu nyingine msitu ulijirudishia wenyewe. Kwingine haukuweza. Pale mililana ya mbele ilipofyekwa, hakukubaki cha kuvunja wimbi, mchanga ukahama, na bahari ikaanza kuila nchi hadi kwenye mashamba ya minazi. Mtu wa bara anaweza asilielewe jambo hili mpaka alione: mnazi uliopandwa na babu ya mtu, uliokuwa mbali na maji, umesimama sasa mizizi nje, ukisubiri bamvua moja yenye upepo. Mbegu za mkoko nazo, zikianguka mahali mchanga unahama kila siku, hazipati pa kushika. Ndiyo maana uwazi uliokatwa miaka ile ulikaa uwazi kwa muda mrefu.

Upandaji wa kisayansi ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1990, kupitia kituo cha Gazi cha Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, na jina linalotajwa zaidi ni la Dakta James Kairo, ambaye amefanya kazi katika tope hili tangu ujana wake. Palijaribiwa aina mbalimbali, kila moja mahali pake, kwa kuangalia urefu wa maji na chumvi ya udongo. Shamba moja la mkoko lilipopimwa likiwa na umri wa miaka 12, miti ilikuwa na urefu wa mita nane hivi. Ukipita humo leo utajua mara moja umeingia shambani: miti imepangana, mashina yanalingana, mwanga unaingia kwa mistari.

Nilisimama pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa hapo ndipo nilipoona vizuri tofauti kati ya kupanda miti na kuwa na msitu. Msitu wa asili una mti mzee uliooza unaokaa ndege, una mchanganyiko wa mizizi, una giza. Shamba lina aina moja. Hata hivyo watafiti waliorudi kwenye mashamba haya ya Gazi wamekuta kaa na viumbe wa topeni wamerejea, na chini ya miti iliyopandwa wamekuta miche ya aina nyingine ambazo hakuna aliyezipanda. Maji yalizileta, kivuli na utulivu wa tope ulizipokea. Napenda wanaosimamia miradi ya kupanda miti nchini waje walione shamba hili, hasa wale wanaohesabu miche iliyotiwa ardhini siku ya sherehe na hawarudi kuhesabu iliyosimama. Gazi ilifaulu kwa sababu ya watu waliorudi, mwaka baada ya mwaka, kung'oa kilichokufa na kuuliza kwa nini kimekufa.

Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vilianza mradi uitwao Mikoko Pamoja, wa kwanza duniani wa jamii kuuza hewa ukaa inayohifadhiwa na mikoko. Ulipewa hekta 117 za ghuba hii. Jambo lenyewe linaeleweka ukiingiza mkono topeni. Majani na mizizi inayokufa hapa huzama katika tope lisilo na hewa, haiozi ikaisha, na kaboni yake hubaki humo kwa mamia ya miaka. Ukikata msitu na kulichimbua tope, hutoka kwenda angani. Kwa hiyo mradi unahesabiwa tani 3,000 hivi za hewa ukaa kwa mwaka, shirika lililoko Uskoti huziuza kwa wanaotaka kulipia uchafuzi wao, na pesa huja kijijini. Miaka ya mwanzo zilikuwa karibu dola 12,000 za Marekani kwa mwaka. Si nyingi. Lakini zimeleta maji ya mfereji, zimesaidia shule na kununulia watoto vitabu, na linaloamuliwa kununuliwa huamuliwa na wanakijiji wenyewe barazani. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 2019 wenzao wa Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania, walianza mradi wao wa hekta 460.

Nauheshimu mradi huu, tena sana. Wasiwasi wangu ni kwamba bei ya tani haipangwi Gazi, na mnunuzi wa mbali anaweza kuchoka, au akalipa ili aendelee kuchafua kwa moyo mweupe. Msitu uliotegemea mnunuzi mmoja wa mbali uliwahi kuonekana katika pwani hii, zama za majahazi. Kwa hiyo nilipenda kusikia watu wa hapa wakizungumza kidogo juu ya kaboni na sana juu ya boriti, kuni na samaki.

Boriti ndiyo mada nzito. Wanajamii wamepanda mivinje nchi kavu ili mjenzi apate mti wa kujengea bila kuingia mikokoni, na mivinje hukua upesi. Fundi mmoja wa nyumba, mzee mwenye mikono ya kazi, aliniambia mvinje ni mti mzuri ila mchwa huufikia mapema. Boriti ya muia yeye ameikuta imara katika nyumba iliyojengwa kabla hajazaliwa. Nilimuuliza angetaka nini.

"Mwanangu, mimi nimeshiriki kupanda. Nataka niruhusiwe kukata mmoja hapa, mmoja pale, kwa kibali, mbele ya watu. Mtu akijua atavuna, atalinda."

Sheria ya misitu ya Kenya inaruhusu jumuiya za watumiaji misitu kushiriki katika usimamizi, na mpango wa kitaifa wa mikoko wa 2017 hadi 2027 unazungumzia uvunaji uliopimwa. Lakini marufuku za jumla zimekuwa zikija na kuondoka, na ile ya mwaka 2018 iliwakuta wakataji wa Lamu, kwenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya nchi, wakiwa hawana kazi nyingine. Mwizi wa usiku hazuiwi na marufuku. Anayezuiwa ni huyu fundi anayeomba kibali mchana. Naona maneno yake yana haki, na naona pia hatari: hekta zilizofungwa kwa ajili ya kaboni zinaweza kusukuma mashoka kwenye hekta zilizobaki wazi. Kibali chenye idadi, na macho ya kijiji juu yake, ndicho kinachoweza kuziba pengo hilo.

Samaki hawahitaji hoja ndefu. Ufukweni nilimkuta mvuvi akisuka lema, fito zimetiwa maji zilainike, vidole vikienda bila kutazamwa. Alisema kamba huzaliwa bahari kuu lakini wanalelewa humu, kati ya mizizi, na akanionyesha kwa kidole ule mkondo ambao, enzi za uwazi, hawakuwahi kuonekana. Kinacholishikilia hilo lote ni tope kubaki mahali pake. Mito miwili inaingia ghubani, Kidogoweni kaskazini na Mkurumudzi kusini, yote ikishuka kutoka upande wa Shimba Hills, na mvua ikinyesha huleta udongo mwekundu wa mashamba ya juu. Mikoko huupunguza mwendo na kuuketisha. Maji yanayofika kwenye nyasi za bahari huwa meupe kiasi cha mwanga kupenya, na mbele ya nyasi, penye miamba, huwa safi zaidi. Ndiyo sababu mambo ya huko juu ya mto, kulima kingo, kuzuia maji kwa mabwawa, yanahusu msitu huu moja kwa moja, hata kama wanaoyafanya hawajawahi kuiona Gazi. Mwaka 1997 na 1998 mvua za El Niño zilifukia mizizi ya mikoko ya Mwache, magharibi mwa Mombasa, kwa udongo mwingi uliotoka juu, na msitu mkubwa ukafa ukiwa umesimama. Mti huu unastahimili chumvi na mawimbi. Kuzibwa pumzi haustahimili.

Mgeni aagize chakula kabla ya kuingia msituni, maana wanawake hununua samaki wavuvi wanaporejea, wakapika wakati wewe unatembea. Mimi nilipewa tafi wa kupaka, wali wa nazi na ndimu iliyokatwa nne. Tafi hula nyasi za bahari, zile zile zilizokuwa wazi juani asubuhi nilipofika, na nyama yake ina ladha ambayo samaki wa barafu wa mjini hana. Mama aliyenitembeza alikaa mkekani karibu, akaniuliza nimebakisha nini na kwa nini, akaniongeza mchuzi bila kungoja jibu, kisha akaondoka kwenda kuwapokea wanafunzi wa shule moja waliokuwa wakishuka kwenye basi, viatu tayari mikononi.